Kuomba Fedha za Mfuko wa Kujenga Amani kwa Mradi wa Mpakani

Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Kujenga Amani, ulioanzishwa mwaka 2006, hugharimia pia miradi ya nchi mbili zinazopakana, na asasi za kiraia zinaweza kupokea fedha hizo moja kwa moja. Kabla ya kuandika chochote, pigeni hesabu.

Gawanyeni bajeti mnayoomba kwa idadi ya miezi ya mradi, kisha zidisheni kwa 12. Dola 600,000 kwa miezi 18 ni dola 400,000 kwa mwaka. Asasi inayopokea lazima iwe na bajeti isiyopungua mara mbili ya hiyo, yaani 800,000, kwa kila mmoja wa miaka miwili iliyopita, tena ndani ya nchi ya mradi. Fedha za makao makuu yaliyo kwingine hazihesabiwi. Zinatakiwa pia hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili na uzoefu wa miaka mitatu nchini humo. Asasi ndogo ya mpakani haifiki hapo, lakini ndiyo inayojulikana na wananchi. Iingie kama mbia mtekelezaji, na fungu lake liandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Ikikubali ahadi ya kuingizwa baadaye, itabaki bila fedha wala sauti.

Kosa linaloua maandiko mengi ya miradi ni kushona miradi miwili ya kitaifa kwa uzi mmoja. Mathalani, Turkana upande wa Kenya kunachimbwa visima, Karamoja upande wa Uganda kunaendeshwa semina, na wafugaji wa pande hizo mbili hawakutani popote. Ulizeni kila shughuli: ingewezekana bila upande wa pili? Kama ndiyo, itafutieni fedha kwingine. Na kisima peke yake si amani. Andikeni nani hugombania maji, miezi gani, nani atapanga zamu za kunywesha, na mwizi wa mifugo akivuka mpaka ni nani humfuata.

Jengeni juu ya makubaliano yaliyopo. Kenya na Uganda zilitiliana saini Moroto Septemba 2019 kuhusu Turkana, Pokot na Karamoja. Kenya na Ethiopia zilifanya hivyo Moyale Desemba 2015 kwa Marsabit na Borana. Hati hizo husaidia kupata sahihi za serikali na za Mratibu Mkazi wa Umoja wa Mataifa (mkuu wa timu ya Umoja huo nchini) pande zote mbili, na sahihi ndizo huchelewesha kuliko kazi yenyewe. Washirikisheni maofisa wa wilaya na kaunti tangu uchambuzi wa mgogoro. Msiwapelekee andiko lililokwisha.

Kwenye bajeti, gharama zisizo za moja kwa moja (za usimamizi wa jumla) zisizidi asilimia 7. Ufuatiliaji na tathmini utengewe 5 hadi 7. Asasi hulipwa kwa awamu tatu: asilimia 35, 35 na 30. Awamu inayofuata haitoki mpaka takriban asilimia 75 ya iliyotangulia iwe imetumika au imeshafungiwa mikataba. Hapo ndipo upande mmoja ukizembea, wa pili husimama hata kama umefanya kazi vizuri. Fungueni akaunti za wabia wote mapema, mkague matumizi ya kila upande kila mwezi, na mhamishe shughuli kabla fedha hazijakwama.

Taarifa za mradi hutumwa 15 Juni na 15 Novemba. Ili ziwe na uzito, kusanyeni takwimu za awali kabla ya shughuli ya kwanza, pande zote katika mwezi uleule na kwa maswali yaleyale. Mkianza na upande mmoja wakati wa mvua na mwingine wakati wa ukame, hamtaweza kulinganisha chochote.