Kibali cha kazi kwa mhudumu wa wazee: mambo ya kuchunguza kabla ya kusaini

Anayetaka kwenda nje kuwahudumia wazee huuliza kwanza mshahara, ilhali swali la kutangulia ni kibali chake kitamfunga kwa nani, na kikiisha kitamfikisha wapi.

Hakikisha kwanza kwamba njia unayoelezwa bado ipo, kwa kusoma tovuti ya idara ya uhamiaji ya nchi husika badala ya kutegemea maneno ya wakala. Uingereza iliwafungulia wahudumu milango Februari 2022, ikawazuia kwenda na wenza na watoto kuanzia 11 Machi 2024, na tangu 22 Julai 2025 haipokei tena maombi mapya ya wahudumu walio nje ya nchi. Anayekuahidi viza hiyo sasa anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Japani, tangu 2019, hutoa kibali cha ujuzi maalumu kwa anayefaulu mitihani ya utunzaji na ya Kijapani. Kikomo chake ni miaka 5, na familia hubaki nyumbani. Hata hivyo, anayefaulu baadaye mtihani wa taifa wa wahudumu hubadilishiwa hadhi ya ukaazi, akaweza kuhuisha kibali bila kikomo na kuishi na familia yake. Kwa maoni yangu, mlango huo wa pili una thamani kuliko nyongeza yoyote ya mshahara, ingawa hudai kujifunza lugha kwa bidii.

Barua ya mwajiri wa zamani itaje tarehe, saa za kazi kwa wiki na majukumu yenyewe: kumgeuza mgonjwa kitandani, kumwogesha, kumlisha. Barua inayosema tu kwamba ulikuwa mchapakazi haimsaidii kitu ofisa anayepima ombi lako la kibali.

Katika mkataba, kitafute kifungu cha «na kazi nyingine atakazopangiwa». Kibali kikitaja utunzaji wa mzee mmoja, nawe ukatumwa kufagia duka la mwanawe, anayevunja masharti ya kibali anaweza kuhesabiwa kuwa wewe. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate ahadi ya kazi kwa maandishi kabla ya kuvuka mpaka, na abaki na pasipoti yake.

Ukitaka kuhama mwajiri huku kibali kikiwa kimefungwa kwake, usiache kazi kabla ya kibali kipya kutolewa.