Kuanza na programu ya kusoma vipimo kwenye mashine: mhimili mmoja kwanza

Usifunge skeli za kupimia kwenye mihimili yote (X, Y na Z, yaani pande ambazo mashine husogea) kwa mpigo. Anza na X, uhakikishe inasema kweli, ndipo uhamie Y na Z.

Vifaa: kishikwambi cha Android, skeli moja ya kioo (rula ya kioo yenye kichwa cha kusomea kinachoteleza juu yake) inayohesabu kwa hatua za mikroni 5 (mm 0.005), na bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo inayosoma skeli na kutuma namba kwa kishikwambi kwa Bluetooth). Chukua ESP32 ya kawaida. ESP32-S3 na C3 zina Bluetooth ya LE tu (aina mpya inayotumia umeme kidogo), kwa hiyo programu inayotumia Bluetooth ya zamani haitaziona kabisa, hata ukihangaika mchana kutwa.

1. Funga skeli, mdomo wake ukitazama chini ili mabaki ya chuma na maji ya kupozea yasiingie. Shikiza saa ya kupimia (geji yenye mshale) kwenye spindeli (sehemu inayoshika na kuzungusha kisu), sindano iguse mwili wa skeli, kisha endesha meza mwanzo hadi mwisho. Mshale usihame zaidi ya mm 0.1, pima juu na ubavuni. Skeli ikipinda mm 1 kwa kila mm 100, kosa la kipimo ni mm 0.005 tu, kinachoumia zaidi ni kichwa cha kusomea, kinachobanwa na kukwaruza kioo. Hakikisha pia meza inafika mwisho wake kabla kichwa hakijagonga ncha ya skeli.

2. Unganisha waya. Skeli nyingi za kioo hutoa volti 5, na pini za ESP32 zinataka 3.3. Kwa kila waya wa ishara (A na B) weka rezista ya kiloohm 1 kutoka kwenye skeli hadi kwenye pini, na ya kiloohm 2 kutoka kwenye pini hadi GND (pini ya volti sifuri). Ukiruka hatua hii bodi inaweza kufanya kazi kwa muda, halafu ikafa.

3. Oanisha kishikwambi na bodi. Kuanzia Android 12, iruhusu programu kufikia vifaa vya karibu. Android 6 hadi 11 hudai ruhusa ya mahali ili kutafuta vifaa. Kizuie kishikwambi kuibana programu kwa ajili ya kuokoa betri.

4. Weka hesabu, yaani idadi ya hatua ambazo skeli huhesabu kwa kila milimita. Hatua ya mikroni 5 ni sawa na hesabu 200 kwa milimita. Kama programu inataka kwa inchi, andika 5080.

5. Hakiki kwa geji bloku (kipande cha chuma chenye urefu unaojulikana kwa usahihi), kila mara ukiijia kutoka upande uleule. Pima mm 25, kisha 75. Kosa likiwa lilelile kwa urefu wote, braketi (kishikio cha skeli) imelegea: kaza, usiguse namba. Likikua kadiri urefu unavyoongezeka, rekebisha hesabu. Mfano, 75 inasomeka 74.96: 200 × 74.96 ÷ 75 = 199.893.

Maswali ya wanachama

Fundi, namba zinaruka nikiwasha mota. Skeli mbovu?
Mara chache. Tenga waya wa skeli na waya za mota, hasa kama mashine ina kidhibiti cha mwendo cha inveta, na wavu wa kinga wa waya uungwe ethi upande mmoja tu. Kabla ya yote, lisha bodi kwa pawabenki. Zikitulia, tatizo ni chaja.

Kwenye lathe nasogeza mm 1, kipenyo kinapungua 2. Nimekosea wapi?
Hujakosea. Mhimili wa X wa lathe unapima nusu kipenyo. Washa hali ya kipenyo kwenye programu, na usizidishe hesabu mara mbili kwa mkono, maana utazidisha tena bila kujua.

Nikizima umeme, sifuri inapotea?
Ndiyo, skeli ya aina hii huhesabu mwendo tu. Gusa upya ukingo wa kipande unachokata: kitafuta ukingo chenye ncha ya mm 10 kikigusa, kitovu cha spindeli kiko mm 5 kutoka ukingoni. Weka -5 au +5 kulingana na upande.

Je, programu inaondoa ulegevu wa nati ya skrubu inayosogeza meza?
Haiuondoi, ila inasoma mahali meza ilipo hasa, kwa hiyo ulegevu hauingii kwenye namba. Kisu bado kinaweza kuivuta meza, kwa hiyo funga breki ya mhimili usiotembea kabla ya kukata.