Jinsi ya kuiona enzaimu inayokata selulosi kwa macho yako, hata kwa simu

Wengi tulikariri tu kwamba selulosi inavunjwa na selulesi basi, mtihani ukiisha na yenyewe imeisha kichwani, ila ukishaona umbo lake hausahau tena. Na ni bure, hata akaunti haihitajiki.

Fungua rcsb.org, hifadhi ya maumbo ya protini, kwenye sehemu ya kutafuta andika 4C4C, namba ya umbo tunalolitaka. Hiyo ni Cel7A, selulesi inayotoka kwenye kuvu inayoitwa Trichoderma reesei, kuvu ile iliyokutwa inakula mahema ya jeshi la Marekani visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili. Bonyeza palipoandikwa Structure, subiri ifunguke, simu ndogo itakwama kwama kidogo, halafu zungusha taratibu kwa kidole.

Utaona utepe umejikunja kunja, ndo enzaimu yenyewe, na katikati kuna uzi wa sukari 9, ndo kipande cha mnyororo wa selulosi. Sasa kwenye menyu badilisha utepe uwe Molecular Surface, na hapa usiwe na haraka kabisa: uzi karibu wote unazama, kwa sababu umepita ndani ya handaki la kama nanomita 5. Ndo maana Cel7A lazima ianzie kwenye ncha ya mnyororo, inauvuta ndani huku inakata sukari mbili mbili bila kuuachia, na hizo mbili kuzitenganisha ziwe glukosi ni kazi ya enzaimu nyingine, beta-glukosidesi.

Pale juu kwenye herufi za amino asidi gusa 212 na 217, mkato unafanyika hapo. Sasa 217 utaikuta ni Q (glutamini) wakati kiasili ni E (glutamati), watafiti waliibadilisha makusudi ili enzaimu ishindwe kukata, uzi ubaki ndani wapate kuupiga picha kwa eksirei. Ujanja huu naupenda mno!

Fungua tabo nyingine uweke 1EG1, ndugu yake Cel7B. Handaki halina paa, limebaki mfereji wazi, kwa hiyo yenyewe inakata mnyororo hata katikati na kuacha ncha mpya ambazo Cel7A inazidaka.

Ila hicho kwenye 4C4C ni kichwa tu, mkia wa kujishikiza haupo. Huo uko 1CBH, kadogo, amino asidi 36 tu, gusa 5, 31 na 32: tairosini tatu zimelala upande mmoja ulio bapa, na upande huo ndo unaoganda kwenye selulosi.