SOMO: Tone linaloelea kama rezoneta ya mwanga (soma yote ndipo uulize)

Naandika ili inboksi ipumue. Tunaelesha tone la kimiminika hewani kwa sauti, kisha tunalipiga leza ili mwanga uzunguke ndani ya ukingo wake na kujiimarisha; hiyo ndiyo rezoneta. Swali ni lile lile: "Mbona tone langu haliwaki ukingoni?"

1. Kieleaji: TinyLev (kifaa cha kujiundia kinachoelesha vitu kwa sauti) ya spika 72 za kilohezi 40, Arduino Nano (bodi ndogo ya kompyuta), draiva L298N (ya kusukuma umeme kwenye spika). Polariti (chanya na hasi) za spika zote zielekee upande mmoja.

2. Volti 9 hadi 10. Ukizidisha, tone linakuwa chapati, kisha linapasuka.

3. Glisirini ya duka la dawa, na wino kidogo wa haileita (kalamu ya kung'arisha maandishi) ya pinki. Maji hukauka upesi.

4. Tone la milimita 1 ni nusu mikrolita. Alama moja ya sindano ya insulini ni mikrolita 10. Kwa hiyo usifuate alama. Kamua hadi ncha iote kishanga, kiweke kwenye nodi (sehemu tulivu za sauti ambapo tone hushikwa; ziko kila milimita 4.3), chomoa haraka kwa pembeni.

5. Leza ya kijani. Hapa ndipo mnapoharibu. Ukilenga katikati, mwanga unapita tu kama kwenye lenzi. Lenga ukingo, uguse kwa kuparaza, na leza ilale sawasawa; tumia pimamaji. Sauti hulibonyeza tone juu na chini likawa kama chenza, duara kamili likabaki kiunoni peke yake. Mwanga ukizunguka hapo unarudi ulipoanzia. Leza ikiinama, njia inayumba na ukingo hauwaki. ONYO: isizidi miliwati 5. Leza za bei rahisi huvujisha infraredi, mwanga usiouona. Tazama kwa kamera ya simu, kamwe si kwa jicho.

MASWALI

— Mkuu, nimefanya yote, haifanyi kazi.
— Volti ngapi?
— 12.
— Hatua ya 2.

— Spektromita ya CD (ya kutenganisha rangi za mwanga kwa kipande cha CD) itaonyesha mistari ya rezonansi, yaani rangi zile tone linazoziimarisha?
— Swali zuri. Hapana. Kwa tone la milimita 1 mistari imeachana nanomita 0.075 hivi, CD haifiki huko. Tone likiwa dogo, mistari inaachana: la mikromita 20, karibu nanomita 4. Ila tone dogo hivyo hushikwa kwa mtego wa umeme wa volti kubwa. Usijaribu nyumbani.

— Huku Kigoma mawese hayakosekani. Vipi?
— Wekundu wake hula kijani, na yakipoa yanaganda chembechembe zinazotawanya mwanga. Jaribu alizeti, bila wino, haichanganyiki nao.

— Tone langu linavimba lenyewe!
— Glisirini hunywa unyevu wa hewa. Masika weka jipya mara kwa mara. Wa Tabora, kiangazi mna raha.

— Umeme ukikatika?
— Betri ya pikipiki na kishusha volti. Na zima feni.