Jinsi ya kufuata ukoo wa mama kwa simbilisi unaowafuga

Simbilisi wangu wa kwanza hapa Malindi niliwanunua kwa watu watatu, nikiamini nimepata koo tatu. Mmoja mweupe, mmoja kahawia, mmoja wa mabaka. Baadaye nikaja kujua wote watatu ni wajukuu wa jike mmoja wa Mambrui. Rangi ilinidanganya. Kinachosema kweli juu ya ukoo wa mama ni DNA ya mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati: uzi mdogo wa mviringo, kwa simbilisi una herufi karibu 16,800 na jeni 37. Mtoto huupata kwa mama. Dume anao pia, ila hawarithishi wanawe.

Hatua ya 1: Daftari kwanza

Usiende maabara kabla ya hili. Simbilisi huzaliwa na manyoya na macho wazi, siku hiyohiyo anakimbia, na hunyonya jike yeyote mwenye maziwa. Majike wawili wakizaa banda moja, huwezi tena kusema huyu ni wa nani. Mimba huchukua kama siku 68. Ukiona tumbo limetoka pande zote mbili kama amemeza maembe, mtenge, kisha andika namba yake na ya kila mtoto.

Hatua ya 2: Chagua wa kupima

Mmoja kwa kila ukoo wa mama. Ukipeleka ndugu wa tumbo moja umelipia jibu lilelile mara mbili.

Hatua ya 3: Chukua sampuli

Ng'oa nywele kumi hadi kumi na tano za mgongoni kwa kibano safi. Ziinue kwenye mwanga: shina zima lina kivimbe cheupe mwishoni. Zisizo nacho, ongeza nyingine. Weka kwenye bahasha ya karatasi, wala si mfuko wa plastiki. Mimi nilitumia plastiki msimu wa mvua, na joto letu la pwani likazigeuza ukungu mtupu. Daktari wa mifugo akikukatia kipande kidogo cha sikio, kiweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 na uandike kibandiko kwa penseli. Ethanoli ikimwagika hufuta wino, nawe unabaki na vichupa visivyo na wenyewe.

Hatua ya 4: Omba kipimo kinachofaa

Anza na sehemu ya udhibiti ya uzi huo, ile isiyobeba jeni, kwa sababu hubadilika haraka kuliko nyingine. Koo zikifanana hapo, ndipo uombe jenomu nzima ya mitokondria, yaani uzi wote. Waulize pia wanavyoepuka nakala za kale za uzi huu zilizohamia ndani ya kiini cha seli. Zikichanganyika na za kweli, utaona tofauti ambazo mnyama hana.

Hatua ya 5: Soma jibu kwa kiasi

Mwaka 1996, watafiti walioisoma jenomu hii ya simbilisi waliandika katika jarida la Nature kwamba simbilisi si mgugunaji, yaani si wa kundi moja na panya. Jeni za kiini cha seli zilipopimwa kwa upana, alirudishwa kundini. Uzi mmoja hautoshi hata kwa wataalamu. Kwako, majike wawili wenye uzi tofauti wanaweza kuwa na baba mmoja, na ukiwapandisha kwa kaka yao umezalisha ndugu kwa ndugu. Kwa hiyo daftari liwe na safu ya baba pia, na madume wadogo watenge na mama zao wakifikisha wiki tatu.