Kuchagua Mfumo Endeshi kwa Kompyuta ya Nyumbani Yenye RAM Kubwa

Si ajabu siku hizi kumkuta mtu wa Unguja au Pemba amenunua kompyuta iliyokwishatumika Ulaya au Dubai, ya aina ile iliyokuwa ikifanyiwa kazi za uhandisi na uchoraji wa majengo, ikiwa imejazwa RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 32, 64 au hata 128. Mashine hizo ni imara. Lakini mnunuzi hukabidhiwa ikiwa na mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta, kama Windows) wowote ambao fundi alikuwa nao kwenye flashi yake, na hapo ndipo sehemu ya RAM aliyoilipia inapopotea, ama kwa sababu mfumo hauwezi kuiona yote, ama kwa sababu hauitumii kwa namna inayoifaa nyumba ambayo umeme wake hukatika mara kwa mara.

Kabla ya kuchagua chochote, hakikisha kwamba RAM yenyewe ni nzima. Tia programu ya Memtest86+ kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi hiyo, kisha iache ipime usiku kucha, kwa sababu gigabaiti 64 huchukua saa kadhaa kupimwa. Ikiwa kiasi kinachoonekana ni pungufu ya kile ulichoambiwa, usikimbilie kununua RAM nyingine. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na miguu ya vipande vya RAM huingia utandu mwembamba unaozuia umeme kupita. Ichomoe kompyuta kwenye umeme, vitoe vipande hivyo, uisugue miguu yake taratibu kwa raba laini ya penseli, uvirudishe mpaka visikike vikishika, kisha upime tena.

Jambo la pili ni hesabu ya biti. Mfumo wa biti 32 unaweza kutoa anwani 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4, na Windows ya biti 32 kwa matumizi ya nyumbani humwachia mtumiaji takriban gigabaiti 3 hadi 3.5, kwa kuwa anwani nyingine huchukuliwa na vifaa kama kadi ya picha. Kwa hiyo mfumo wako lazima uwe wa biti 64. Hata hilo halitoshi, kwani Microsoft huweka mipaka kwa kila toleo: Windows 7 Home Premium ya biti 64 haivuki gigabaiti 16 hata ukiitilia 64, ilhali Windows 10 Home na Windows 11 Home hufika gigabaiti 128, na matoleo yao ya Pro hufika terabaiti 2. Linux na FreeBSD za biti 64, ambazo ni mifumo endeshi ya bure, hazina mpaka ambao kompyuta ya nyumbani inaweza kuufikia.

Hapa ndipo wenye mashine za mtumba wanapokwama. Muda wa kawaida wa huduma ya Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kifaa cha usalama cha TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa jumla ni ya kizazi cha nane na kuendelea. Kompyuta yenye prosesa ya Xeon ya mwaka 2012 inaweza kuwa na RAM mara kumi na sita ya gigabaiti 4 ambazo Windows 11 inaziomba, na bado isikubaliwe. Zipo njia za kuilazimisha, lakini mimi sizipendekezi, kwa sababu Microsoft haitoi dhamana kwamba mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma itaendelea kupokea masasisho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, nawe utajua una kifaa hicho au huna.

Baada ya hapo jiulize RAM hiyo ni ya kazi gani. Wapo vijana wetu waliojifunza kuunda ramani kwa picha za droni tangu ule mradi wa kuipiga picha Zanzibar nzima kutoka angani ulipoanza mwaka 2016, ambao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Kazi ya kuunganisha picha hizo hula RAM kwa pupa: programu ya OpenDroneMap huhitaji takriban gigabaiti 32 kwa picha 500, na takriban 64 kwa picha 1,500. Programu hiyo imekulia kwenye Linux, QGIS, programu ya kuchora ramani, nayo hufanya kazi humo bila taabu, hivyo mtu wa ramani hana sababu ya kusitasita.

Mtu wa video za harusi na maulidi ana hesabu nyingine. Adobe Premiere, programu ya kuhariri video, haipo kwa Linux. DaVinci Resolve ipo, lakini toleo lake la bure kwa Linux halifungui video za muundo wa H.264, ambazo ndizo kamera nyingi na simu hurekodi, na itakubidi uzigeuze kwanza kabla ya kuanza kukata. Kama ndiyo riziki yako na kompyuta yako inakubali Windows 11, baki na Windows. Kama haikubali, Kdenlive, programu ya bure ya kuhariri video kwenye Linux, itakutosha kwa kazi nyingi.

Mwenye kazi mchanganyiko, kwa mfano mwalimu wa skuli ambaye ofisi yake humtaka atumie programu moja ya Windows, ndiye anayenufaika zaidi na RAM kubwa. Anaweza kuweka Linux kama mfumo mkuu, kisha ndani yake, kwa VirtualBox, akaendesha Windows yenye leseni kama mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, aliyoigawia gigabaiti 16. Kwenye kompyuta ya gigabaiti 8 mpango huo ni mateso. Kwenye ya 64 hata hutahisi kwamba kuna mifumo miwili.

Sasa niseme juu ya umeme, jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwingine hailigusi. Wakaazi wa Unguja hawajasahau Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa karibu miezi mitatu bila umeme unaotufikia kwa waya wa chini ya bahari. Kwa kompyuta, mkatiko wa ghafla wa dakika chache ndio wenye madhara, na RAM ikiwa kubwa madhara huweza kuongezeka. Mfumo hauandiki data kwenye diski papo hapo; huiweka kwanza kwenye RAM, kisha huiandika polepole. Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, huruhusu data isiyoandikwa ifike asilimia 20 ya RAM iliyopo, kwa hiyo kwenye gigabaiti 64 zinaweza kuwa zaidi ya gigabaiti 10 zinazosubiri diski ya nje iliyo taratibu. Mimi nilipoteza video ya harusi ya binamu yangu kwa njia hiyo: dirisha la kunakili lilikwishafunga, nikaamini kazi imekwisha, umeme ukakatika, na faili likabaki nusu.

Dawa yake ni mistari miwili. Unda faili ndani ya /etc/sysctl.d/, kwa mfano 90-diski.conf, uandike humo vm.dirty_background_bytes=67108864 na chini yake vm.dirty_bytes=268435456, kisha uwashe upya kompyuta. Kiasi kinachosubiri sasa hakitazidi megabaiti 256 hivi. Kabla ya kuchomoa diski ya nje, andika sync kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) na usubiri mpaka amri irudi. Kwenye Windows tumia daima kitufe cha kuondoa kifaa kwa usalama. Na kwa mifumo yote, nunua UPS (betri inayoishikilia kompyuta umeme unapokatika) kabla ya kuongeza RAM.

Kulaza kompyuta kwa kuandika RAM yote kwenye diski pia hubadilika RAM ikiwa kubwa. Windows hutenga faili la asilimia 40 ya RAM kwa kazi hiyo, yaani karibu gigabaiti 26 kwenye mashine ya 64, na diski ya SSD ya gigabaiti 120 itabanwa nafasi. Amri ya powercfg /h off, ikiandikwa kwenye terminali ya msimamizi, huliondoa.

Kati ya matoleo ya Linux, anayeanza namshauri Linux Mint, kwa sababu mpangilio wake humkumbusha Windows. Anayetaka utulivu wa miaka mingi achukue Debian. Huna haja ya kufuta chochote ili kujaribu: washa kompyuta kwa flashi yenye mfumo huo, ongeza neno toram kwenye mstari wa kuwashia, nao utanakiliwa wote ndani ya RAM. Pima wayfai, printa, sauti na kadi ya picha kwa siku mbili tatu, na kisha tu ndipo uguse diski.