Dhahabu ya uzeeni: nunua uzito, usinunue urembo

Wanakikoba wa Tabata, salaam. Jumamosi tukigawana hisa, Mama Salma aliuliza kama michango yake ya mfuko wa pensheni wa NSSF inaweza kugeuzwa dhahabu isiliwe na mfumuko wa bei. Haiwezekani. Hizo video anazotumiwa zinahusu Marekani. Kule mtu hufungua akaunti binafsi ya uzeeni, na sheria ya 1997 ikamruhusu kuweka humo vipande vya dhahabu vyenye usafi wa angalau asilimia 99.5. Hata hivyo havikai kabatini kwake. Hutunzwa na mdhamini aliyeidhinishwa, kwa malipo.

Kwetu, NSSF na PSSSF, ule mfuko wa watumishi wa umma, ndio wanaoamua pesa iwekezwe wapi. Dhahabu ya uzeeni hapa Dar ni ile unayojinunulia mwenyewe, pembeni ya mfuko.

Hatua ya 1. Hakikisha kwanza mwajiri anapeleka michango yako. Dhahabu haina riba wala gawio, haizai hata senti, ndiyo maana mimi sizidishi sehemu moja ya kumi ya akiba yangu.

Hatua ya 2. Jua karati, yaani kipimo cha usafi. 24 ndiyo safi. 22 ina dhahabu asilimia 91.6, 21 ina 87.5, na 18 ni 75 tu. Aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Tuseme aunsi inauzwa dola 3,110: gramu safi ni dola 100, na bangili ya gramu 10 ya karati 22 ina dhahabu ya dola 916. Chochote unachotozwa juu ya hapo ni pesa ya ufundi na faida ya sonara, na siku ya kuuza hairudi.

Hatua ya 3. Simama mbele ya mizani. Hili nililipia ada. Nilinunua mkufu wenye vijiwe vyekundu, ukapimwa mzima mzima, nikalipa kwa gramu. Miaka mitatu baadaye naurudisha dukani kuuza, fundi akachukua koleo, akavibandua vijiwe kimoja kimoja akaviweka kwenye kisahani, ndipo akapima. Kumbe nilinunua vioo kwa bei ya dhahabu! Tangu hapo nachukua kipande kisicho na nakshi.

Hatua ya 4. Risiti iandikwe karati na uzito. Na usimtangazie mtu.

MASWALI

Mzee Hamisi: Mwalimu, si dhahabu hupanda tu?

Shikamoo mzee wangu. Hapana. Januari 1980 aunsi ilifika dola 850. Mwaka 1999 ilishuka chini ya 260. Kwa shilingi ilionekana imepanda, lakini ni kwa sababu shilingi yenyewe ilikuwa imeporomoka, na bei za vitu sokoni zilikuwa zimekimbia zaidi.

Dada Neema: Kuna kaka analeta ya Geita, ghafi, bei poa.

Mwache aende zake. Kununua dhahabu ghafi kunataka leseni, na masoko ya madini yapo tangu 2019. Mwenye dhahabu ya kweli ana soko lake hukohuko. Kwa nini apande basi hadi Tabata akuuzie wewe kwa hasara?

Bi Mwanaidi: Na zaka?

Ikifika gramu 85 za dhahabu safi na mwaka ukapita, ni asilimia 2.5. Vito vya kuvaa wanazuoni wametofautiana, hilo kamuulize sheikh wako. Ila kipande ulichoficha kwa ajili ya akiba, bibi, hicho kinatolewa zaka.

Mama Salma: Nina bangili ya marehemu mama. Niiuze ninunue kipande?

Usiuze kabla hujajua ni karati ngapi. Njoo nayo Jumamosi, mizani nitabeba mimi. Lakini ile pesa ya ufundi mama alishailipa zamani. Ukiuza na kununua upya, unaanza kulipa faida ya sonara mara ya pili.